Kila jioni, mara moja kwa wiki, au chemsha leo uunge kesho: njia ipi inamfaa mtu wa kazini?

Kuna jioni moja nilijiwekea saa. Niliingia ndani saa 1:10, chakula kikafika mezani saa 2:50. Dakika 100 kwa wali na mchuzi wa kuku. Urefu wenyewe niliutarajia; kilichonishangaza ni mahali dakika hizo zilikokwenda. Dakika 20 zilipotea nimesimama mbele ya friji nikijiuliza nipike nini, kisha nikakaa na simu "kidogo tu". Kumenya, kukata na kukaanga kulikula 35. Vyombo vya asubuhi vilivyokuwa vinanisubiri kwenye sinki, 10. Na 35 zilizobaki sikufanya lolote: sufuria ilikuwa inachemka, nami nasubiri.

Tangu hapo mtu akiniambia hana muda wa kupika, humuuliza ni muda upi. Kuna dakika za kichwa, yaani kuamua. Kuna dakika za mikono, kumenya na kukata mpaka kuosha vyombo. Na kuna dakika za moto, ambapo chakula kinajipikia chenyewe ila wewe huwezi kuondoka. Njia zinazosifiwa za kuokoa muda jikoni haziokoi dakika za aina moja, na ndiyo sababu njia iliyomkomboa jirani yako inaweza kukutesa wewe. Anayeshindwa kuamua hatasaidiwa na sufuria ya bei mbaya.

Njia tatu zifuatazo nimezijaribu zote, kila moja kwa miezi.

Kupika kila jioni kuanzia mwanzo

Chakula kinapakuliwa kikiwa na mvuke wake, hakuna cha kuhifadhi, hakuna kiporo kinachosahaulika nyuma ya friji mpaka kiote ukungu. Njia hii inalipa hasa kwa vyakula visivyopenda kungoja: mboga za majani, mayai, samaki, tambi. Mboga za majani zikipashwa mara ya pili hunyong'onyea na kupoteza rangi, na yai la kukaanga likilala huwa kama mpira. Vyakula hivi havihitaji ujanja wowote, kwani vinaiva ndani ya dakika 10 au 15.

Udhaifu wake uko kwenye dakika za kichwa. Kila jioni unaamua upya, tena unaamua ukiwa na njaa na umechoka. Dawa ni kuamua wakati mwingine. Sisemi ratiba ya kubandika ukutani yenye milo 21. Hizo hudumu siku nne. Nasema kuipa kila siku aina yake: siku ya mayai, siku ya mikunde, siku ya kuku, siku ya tambi. Ukishajua Jumanne ni mikunde, swali linabaki dogo, maharage au njegere, na hilo unalijibu ukiwa bado njiani.

La pili ni mpangilio. Maji yabandikwe kwanza, kabla hujavua viatu. Birika la umeme la wati 2,000 huchemsha lita 2 kwa takriban dakika 6. Sufuria isiyofunikwa kwenye jiko dogo hukawia zaidi sana, maana joto jingi linaishia hewani. Ukimenya vitunguu vyote ndipo ukumbuke maji, umejiongezea robo saa ya bure. Mimi huchemsha kwenye birika na kumimina kwenye sufuria iliyokwisha kupata moto. Watu hunicheka, lakini tambi zangu zinawahi.

Kupika siku ya mapumziko kwa ajili ya wiki nzima

Njia hii nilianza nayo kwa bidii ya mgeni. Jumapili moja nilipika maharage sufuria ya lita 8, wali wa kutosha ukoo mzima, na kuku wawili na mchuzi wao. Nilimaliza saa 3 usiku mgongo unauma. Nikasema maharage yapoe kwanza ndipo niyaingize kwenye friji, nikalala. Asubuhi mfuniko ulikuwa umelowa kwa ndani, juu ya maharage kumetanda povu jeupe la vitone vidogo, na nilipochovya mwiko vipovu vikapanda taratibu kama vya soda. Nilijaribu kujidanganya kwamba ni mvuke tu. Harufu ikamaliza ubishi: yamechacha. Kilo 2 nzima zikaingia kwenye pipa la taka kabla sijanywa chai.

Kosa lilikuwa la kimaumbile. Sufuria kubwa iliyojaa haipoi upesi. Katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu huo ndio bakteria wanaoutaka. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, kikihifadhiwa kwa baridi kiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, kikisubiri kuliwa kikiwa moto kisishuke chini ya nyuzi 60, na kikipashwa kivuke nyuzi 70 mpaka katikati. Kwa hiyo kabla ya kulala gawa. Hamishia kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5 hivi, au ketisha sufuria kwenye beseni la maji baridi huku ukikoroga. Ni dakika 10 za mikono ambazo hakuna anayezihesabu anapokusifia kupika mara moja kwa wiki.

Kuna hesabu nyingine wanayoiruka. Mamlaka za Marekani hukipa chakula kilichopikwa siku 3 hadi 4 ndani ya friji. Za Uingereza ni kali zaidi, saa 48. Hata ukichukua ile ya ukarimu, chakula cha Jumapili kinakufikisha Jumatano, ukinyoosha sana Alhamisi. Ijumaa hakipo. Kupika kwa wiki nzima maana yake ni kuwa na friza, na friza ya kweli, ile ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kijisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji ndogo hakihesabiki.

Wali nao una mambo yake. Mchele huweza kubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Ndiyo maana Uingereza wanashauri wali upozwe ndani ya saa 1, ukae kwenye friji siku isiyozidi 1, na upashwe mara moja tu. Mimi niliacha kabisa kupika wali wa wiki. Wali ni dakika 20 za moto na 3 za mikono. Hauna sababu ya kulala.

Vinavyovumilia friza ni vile vyenye mchuzi: maharage, nyama ya kuchemsha, supu, rosti ya nyanya. Viazi vya kuchemsha hutoka vikiwa ungaunga, mchuzi wa maziwa au krimu hukatika, na chochote kilichokusudiwa kutafunwa kikiwa kibichi, kama matango, hulegea moja kwa moja. Kumbuka pia kwamba friza haiwaui bakteria, inawalaza tu. Kipande cha kesho hamishia kwenye friji usiku wa leo, kisiyeyuke juu ya meza kutwa nzima ukiwa kazini.

Na kuna la ulimi. Jumatano unapofungua chombo cha nne chenye kuku yuleyule, mwenye pilipili ileile, ndipo unapojikuta umeshika simu kuagiza chakula cha nje. Nimeona watu wakitupa milo mitatu waliyoipika kwa jasho kwa sababu tu hawakuweza kuitazama tena.

Hata hivyo siidharau. Mwenye zamu ndefu, muuguzi au dereva wa masafa anayerudi saa ambayo hata kuwasha jiko ni mzigo, anahitaji chakula kilicho tayari kabisa na si ahadi ya chakula. Kwake dakika za jioni ni za thamani kubwa kuliko saa 4 za siku ya mapumziko. Kwangu mimi hesabu ilikuwa kinyume: nilikuwa natoa siku yangu pekee ya kupumzika ili ninunue jioni ambazo sikuwa nimezikosa zote.

Chemsha leo, unga kesho

Kiswahili kilishaigawa kazi hii: kuna kuchemsha na kuna kuunga. Kuchemsha kunataka moto na saa. Kuunga kunataka mkono na pua. Ukizitenganisha siku, mlo unabaki na harufu ya leo ingawa kazi yake kubwa ilifanyika juzi. Hii ndiyo njia niliyobaki nayo, na sitajifanya sina upande.

Kanuni yangu ni moja: nikibandika kinachochukua muda, nabandika mara mbili. Kilo moja ya maharage haichemki kwa muda mrefu mara mbili ya nusu kilo. Dakika za moto ni karibu zilezile, na za mikono zinaongezeka kidogo tu. Nusu inaungwa jioni hiyohiyo. Nusu nyingine, ikiwa haina chumvi nyingi wala kiungo chochote, inapozwa na kuingia kwenye mifuko, naibana hewa na kuilaza bapa kwenye friza. Mfuko bapa huganda upesi, huyeyuka upesi, na baadaye unaisimamisha kama madaftari kwenye rafu. Hakuna siku ya mapumziko iliyoliwa. Kazi imejificha ndani ya jioni ambayo ningepika vyovyote vile.

Vitunguu vilevile. Machozi ya vitunguu 2 na ya vitunguu 8 hayatofautiani sana, kisu kimeshalowa na ubao umeshatoka kabatini. Navikaanga vyote polepole mpaka rangi ya asali, natia nyanya, naacha zikauke mpaka mafuta yajitenge pembeni, kisha rosti hiyo naigawa mafungu manne na kuigandisha. Kitunguu saumu na tangawizi nasaga na kugandisha kwenye trei la barafu, kipande kimoja kwa mlo mmoja. Hapa angalia: kitunguu saumu kibichi kilichozamishwa kwenye mafuta hakikai nje ya friji hata kidogo. Kule ndani hakuna hewa, na bakteria wa sumu ya botulini hupenda mahali pa namna hiyo. Kwenye friji kisizidi siku 4. Zaidi ya hapo ni friza.

Jioni ya kuunga inakuwa hivi. Kikaango motoni, fungu la rosti linatupwa likiwa gumu kama tofali, linaanza kutoa sauti pembeni huku katikati bado barafu. Kipande cha tangawizi. Harufu ikipanda, maharage yanaingia, nayaponda machache kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi uwe mzito, chumvi, mfuniko. Wakati huo wali uko kwenye jiko la pili. Jana yake ungeweza kuwa mchuzi wenye pilipili, leo una majani ya giligilani, kesho una kipande cha nyama. Maharage ni yaleyale, ila ulimi haujui.

Ina kasoro, nazo zinaudhi. Vyombo unaosha kila siku. Friza isipoandikwa lebo inageuka kaburi: mifuko mitano ya rangi ya udongo ambayo hujui ipi ni mchuzi na ipi ni supu. Utepe wa karatasi na kalamu viwe palepale mlangoni, uandike jina na tarehe kabla mfuko haujapata baridi, maana baadaye utepe haushiki. Na bado unatakiwa kujua kuunga. Asiyependa kabisa kusimama jikoni hataona tofauti kati ya dakika 15 na 50. Kwake zote ni adhabu.

Sufuria ya presha, ya polepole, ya wali

Vifaa havishindani na njia hizo tatu, vinazisaidia, lakini kila kimoja kinaokoa dakika zake.

Sufuria ya presha inakata dakika za moto. Mvuke ukizuiwa kutoka, maji yanachemka kwenye nyuzi zipatazo 120 badala ya 100, na chakula kigumu kinalainika haraka. Chukua nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Kwenye sufuria ya kawaida, saa 1 hadi 1 na nusu, nawe uko karibu unaongeza maji. Kwenye presha, dakika 10 hadi 20 za kuiva, ila ongeza kama 10 za kupandisha presha na kama 10 au 15 za kuishusha. Wanaouza hawazitaji hizo. Kwa ujumla ni dakika 40. Yaliyokwisha kuchemshwa na kukaa kwenye friza: 15, pamoja na kuunga. Usiijaze mikunde zaidi ya nusu ya sufuria, povu lake huziba tundu la mvuke.

Sufuria ya umeme ya kupika polepole haipunguzi dakika hata moja. Inazihamisha. Unaiwasha asubuhi, inapika saa 6 hadi 8 kwa moto mdogo, unarudi nyama imeachana na mfupa. Ni rafiki wa nyama ngumu na wa mtu anayeamka mapema, kwani kukata na kumenya kote kunafanyika alfajiri au usiku uliotangulia. Hatari yake ni maharage mekundu makavu. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi, na baadhi ya sufuria hizi hazifiki kuchemka. Loweka kwa saa 5 au zaidi, mwaga maji, chemsha kwa nguvu jikoni kwa dakika 30, ndipo uyahamishie humo. Ukiona hatua hizo ni nyingi, rudi kwenye presha.

Sufuria ya umeme ya wali inakuondolea wasiwasi. Maji yakiwepo joto haliwezi kupita nyuzi 100. Mchele ukishayanywa yote joto linapanda ghafla na kifaa kinajizima. Toshiba walianza kuiuza Japani mwaka 1955, na aliyeijaribu kwa bidii mpaka ikakubali ni Fumiko Minami, mke wa aliyepewa kazi ya kuibuni, aliyepika sufuria baada ya sufuria nyumbani kwake akipima joto. Ukinibana nichague kifaa kimoja tu kwa mtu anayeishi peke yake na kula wali mara kwa mara, nitaanza na hiki. Kwa familia, presha.

Basi uchague ipi

Jipime jioni moja kwa saa kama nilivyofanya, usikisie. Tunavyokisia huwa tunaulaumu moto.

Kama dakika nyingi zimekwenda kwenye kuamua, baki na kupika kila jioni, uipe kila siku aina yake. Usinunue kitu. Kama ni mikono, chemsha leo uunge kesho, na usione haya kununua mboga zilizokatwa tayari au zilizogandishwa. Njegere za friza humenywa na kugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, na mara nyingi ni bora kuliko zilizokaa juma zima sokoni. Kama ni moto, presha. Kama ni vyote vitatu, kwa kuwa unarudi usiku wa manane, basi siku ya mapumziko na friza kubwa, ukubali ladha kujirudia, au upike vyakula viwili tofauti na kuvipokezana.

Kuna njia ya nne isiyohitaji chombo, nayo ni mtu mwingine wa nyumbani. Ila zamu ziwe za mlo mzima. Zamu ya "wewe kata, mimi nitapika" huacha dakika za kichwa kwa mtu yuleyule kila siku, na yeye ndiye atakayechoka kwanza. Siku yako ni yako kuanzia kuamua mpaka sinki likauke. Hata mtoto wa miaka 12 anaweza kubeba jioni moja ya mayai na mkate.

Na kama huna friji

Ushauri mwingi wa aina hii hudhani kila mtu anayo. Bila friji, kupika kwa wiki kumekufa, na kuchemsha leo uunge kesho kumebaki mguu mmoja: huwezi kulaza kilichoiva, lakini unaweza kutanguliza kila kitu kabla ya moto. Chambua mchele wa siku tano, uweke kwenye chombo kikavu. Pima maharage mafungu ya mlo mmoja mmoja. Loweka fungu asubuhi unapotoka, yanywe maji kwa saa 8 ukiwa kazini. Siku za joto kali loweka machache na ubadilishe maji ukirudi. Presha inakuwa ya lazima kwako kuliko kwa mwenye friza, kwa sababu ndiyo inayosimama badala ya ile jana uliyokosa pa kuihifadhi.

Kuna pia ujanja wa kikapu. Chemsha sufuria kwa dakika 10 au 15, izime, ifunge kwa blanketi nene ndani ya kikapu au boksi lililojazwa vitambaa, mfuniko usifunuliwe hata mara moja. Joto lililobaki linaendelea kupika wali, nafaka na mboga za mizizi huku moto umezimwa na wewe unaoga. Sufuria iwe imejaa, kwani ndogo au ya nusu hupoa haraka, na ukiifungua chakula kiwe bado kinaunguza ulimi. Kikiwa vuguvugu, kirudi motoni kichemke kabla ya kupakua.